Vitumbua vya Unga wa Njano

Nilikuwa na miaka tisa mwaka wa unga wa njano, na ndio mwaka baba yangu alipokufa. Wa rika langu hamhitaji kuambiwa ulikuwa mwaka gani. Mchele ulipotea madukani, sukari ikawa ya kupanga foleni tangu alfajiri, tukaletewa unga wa mahindi wa njano kutoka ng'ambo huko, ukiusonga ugali nyumba nzima inanuka gunia. Harufu ile sikuisikia tena miaka na miaka. Wiki iliyopita mkwe wangu kaunguza uji wa mahindi jikoni, harufu ikanifuata chumbani ninapokaa eda ya mume wangu, hapa Magomeni, na ndipo mambo haya yote yalipoanza. Mpaka leo mwili wangu haujatulia.

Nianze kwa kusema mimi ni nani. Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la pili, barua nasoma kwa kufuata na kidole, hesabu nafanya kichwani, na hakuna aliyewahi kunipiga chenga. Kariakoo wananijua. Nimesema kwenye harusi, nimesema kwenye misiba, nimemwambia marehemu mume wangu kila tulipogombana: nilichonacho nimekitafuta kwa mikono yangu tangu nina miaka tisa, sikubebwa na mtu. Maneno hayo nimeyasema maisha yangu yote. Sasa yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tulikaa Kariakoo, mwendo mfupi tu kutoka sokoni, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima na choo. Sisi tulipanga chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara. Chumba cha mkabala alikaa Bi Tatu, wakati huo mwanamke kijana asiye na mtoto, mdomo wake mkali kuliko pilipili. Baba aliuza nazi sokoni. Nazi zake alikuwa akibebewa na Mnyamwezi mmoja aitwaye Mihayo, mkubwa wa wachukuzi, mtu mrefu, mabega kama mlango. Sisi ni Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Baba na Mihayo walikuwa hawasalimiani, wanatukanana. Asubuhi mpaka jioni, huyu anamwambia mwenzake mchawi, yule anajibu mla panya, nazi zinabebwa.

Siku ya mazishi Mihayo alikuja akalala chini, kaziba mlango na mwili wake, jeneza lisipite. "Mzaramo huyu hatoki!" anapiga kelele. "Kaniachia nani wa kumtukana? Mwambieni aamke kwanza!" Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Wazee wakampa kitu kidogo, akaondoka mlangoni, akawa wa kwanza kushika jeneza. Watu wazima walijua huo ndio utani, kwamba mtani ndiye anayekuzika na ndiye anayekutania mpaka kaburini. Mimi mtoto nani aliniambia? Nilichoona ni mtu anamcheka baba yangu kafa. Nikamchukia tangu mlangoni pale.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hapaki wanja, hajitii manukato, hatoki nje, haongei na mwanamume wa kumuoa. Mimi nilidhani kafungwa. Kweli kabisa. Nilidhani baba alipokufa kuna kosa mama alilifanya, wazee wakakaa wakamhukumu, ila jela yake ikawa ndani ya chumba chetu kwa kuwa sisi ni watu wa heshima. Nilimuuliza Bi Tatu, "Mama atatolewa lini?" Akanijibu, "Mungu akipenda mwezi wa nne." Nikaona kweli, kifungo.

Siku ya hitma, baba mkubwa alitoka Kisarawe. Alikuwa mtu mzito wa kusema, kila neno analipima. Akasimama ukumbini, mama anasikia nyuma ya pazia, akasema, "Shemeji, sikulaumu. Lakini mtoto hali upepo. Eda yako ikiisha kama hakuna cha kumlisha hapa mjini, nakuja kumchukua, akalime na wenzake." Niliona pazia linatikisika, kalishika kwa mkono. Mimi Kisarawe nilikuwa nimeenda mara moja, nikalia siku zote. Kuna giza, kuna jembe, hakuna soko. Nikajiapiza sitaenda.

Ndipo mama akaanza kupika vitumbua. Atapika nini kingine mtu asiyetoka? Kwa desturi kitumbua ni mchele, tui la nazi, iliki, unaumua usiku. Mchele hakuna. Mama akaroweka unga wa njano, akatia na tui kidogo alilokamua kwenye nazi za baba zilizobaki, akamimina kwenye chuma. Vikatoka rangi nzuri kama dhahabu. Akavipanga kwenye sinia la bati, akafunika kawa, akanitwika. "Nenda sokoni, kaa upande wa wauza tangawizi, usigombane na mtu."

Wenzangu, viliisha! Siku ya kwanza viliisha, siku ya pili viliisha. Jua halijafika usawa wa mapaa, sinia jeupe. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama bwana harusi. Nikajua mimi nimezaliwa na mkono wa biashara, wengine wamezaliwa na mkono wa kushika kalamu.

Kitu kimoja tu kilinikera: Mihayo. Kila asubuhi nikishusha sinia, naye huyo anakuja na wachukuzi wake nyuma, kila mmoja na kata ya nguo kichwani.

"Jamani, Mzaramo kaleta mawe!" anatangaza soko zima. "Mwenye kujenga msingi aje!"

"Mawe meno yako!" namjibu.

"Haya nipe jiwe moja nimpige mke wangu mtarajiwa, labda atanikubali."

"Akukubali wewe na miguu hiyo kama michi?"

Watu wanacheka, wanasogea, duara linajaa. Anachukua kimoja, anakigonga kwenye mkokoteni, ko ko ko, anakisikiliza kama fundi saa. "Hiki kimeiva," anasema, anakitia mdomoni, anatafuna uso kaukunja. Halafu anawageukia wenzake: "Na nyinyi mnangoja nini? Mnataka nife peke yangu?" Wale wachukuzi wananunua, huyu kimoja, huyu viwili, wanavichovya kwenye chai ya rangi, wanaondoka wanatafuna. Mimi nilipokea hela zao nimenuna. Nilimuona ni mtu anayetaka kuniharibia biashara, na Mungu anamuaibisha, maana kila akipiga kelele ndio vinanunuliwa. Baadaye akatokea hana jino la mbele. Nikafurahi sana. Nikampa jina Kibogoyo, likamganda, soko zima likamwita hivyo.

Na sinia likiisha, hapo sasa! Hayo ndiyo maisha ninayoyalilia mpaka leo. Nampa muuza tangawizi anitunzie sinia, mimi najiachia. Naingia mlango wa mbele wa nyumba ya watu, natokea uani kwao, naruka kijiukuta, nimeshatokea mtaa wa pili. Hakuna anayeuliza mtoto huyu wa nani, wote wanajua. Ukipita mahali wanakula, unaitwa, "We mtoto, njoo unawe." Nilikwenda mtaa wa Gerezani kutazama mabehewa ya treni yanavyogongana. Mvua ikinyesha tulikwenda bonde la Jangwani kukamata kambale kwa mikono, tope mpaka masikioni. Siku moja tulitembea kwa miguu mpaka Upanga kuokota zambarau, mbwa akatukimbiza, nikapoteza ndara moja, nikarudi nachechemea, ulimi wa zambarau, nacheka peke yangu. Saa yetu ilikuwa adhana. Ukisikia ya magharibi, kila mtu kwao.

Nikifika, mama yuko palepale kwenye mkeka. Ananisugua miguu na gunzi, halafu anauliza, "Haya, nje kukoje?" Namwambia yote, mabehewa, kambale, nani kagombana na nani kisimani. Anafumba macho. Nilidhani namchosha, anasinzia. Kwa hiyo siku nyingine nilifupisha ili nikalale.

Eda ilipokaribia kuisha, baba mkubwa akarudi. Hakumuuliza mama kitu. Alilala kwa jirani, asubuhi nikitwikwa sinia akasema, "Leo nakusindikiza. Nataka nione kwa macho yangu." Mimi shingo imekakamaa chini ya sinia. Nilijua visipoisha leo, kesho niko Kisarawe na jembe.

Tukafika, nikashusha. Hakuna mtu. Lori la viazi lilikuwa limeingia, wachukuzi wote wako huko. Wapita njia wanatazama, wanapita. Mama mmoja alibonyeza kitumbua kwa kidole, akakirudisha taratibu, akaniangalia kwa huruma. Baba mkubwa akakohoa. Akanyoosha mkono kama anataka kufunika kawa.

"Hee!" Nikasikia sauti ile. Maishani sikuwahi kuifurahia mpaka siku ile. Mihayo anakuja, gunia mgongoni, jasho linachuruzika. Akalitupa chini. "Leo Mzaramo kaja na mkubwa wake! Tukimbieni, mmoja alitushinda, wawili tutawaweza?"

Baba mkubwa na uzito wake wote alikuwa Mzaramo. Hakuweza kunyamaza. "Mnyamwezi wewe, bado hujafa? Nani anakulisha siku hizi?"

"Ananilisha mwanao, mawe yake. Wewe ushayala?"

"Nimekula nyumbani."

"Anaogopa!" Mihayo akageuka, mikono juu. "Jamani njooni muone maajabu! Mzaramo anaogopa chakula cha Mzaramo!"

Wachukuzi wakaja mbio, lori likaachwa, dereva anatukana. Duara likajaa. Baba mkubwa akatazama huku na huku, akachukua kitumbua, akauma. Tulisikia. Wallahi kila mtu alisikia. Macho yake yakajaa maji, lakini mdomo haukusimama, akatafuna, akatafuna kama ng'ombe, soko zima linamtazama koo.

"Vipi?" Mihayo akamuuliza kwa upole.

"Kitamu," akasema baba mkubwa.

"Basi mpe cha pili mwanangu, kavipenda."

Sinia likaisha hapo hapo. Baba mkubwa akaniambia tu, "Kaa na mama yako," akaondoka kashika shavu. Siku chache baadaye mama akaoga, akatoka eda, akaanza mwenyewe kwenda sokoni, mchele nao ukaanza kuonekana kidogo kidogo, vitumbua vikawa vitumbua kweli. Na Mihayo akaacha kuja. Anapita mbali na mzigo wake, hatazami upande wetu. Nikamwambia mama, "Umeona? Nimemshinda, kakimbia." Mama akasema, "Ndiyo mwanangu, umemshinda."

Hayo ndiyo niliyokuwa namsimulia mjukuu wangu Zuhura wiki iliyopita, uji ulipounguzwa. Zuhura naye ana miaka tisa. Basi la shule linamchukua mlangoni, linamrudisha mlangoni, geti linafungwa. Duka liko hatua chache tu, hajawahi kwenda peke yake. Nilimuuliza, "Nje kukoje?" Akasema, "Kawaida tu bibi," macho kwenye simu. Nikashangaa kusikia swali la mama linatoka mdomoni mwangu. Nikaona hapana, nimwambie mtoto huyu watu tulivyoishi. Bi Tatu alikuwepo. Sasa ni kikongwe, amekuja kukaa nami kwenye eda kama alivyokaa na mama. Nikasimulia, sinia linaisha, mkono wa biashara, Kibogoyo kakimbia.

Bi Tatu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akapaliwa, Zuhura akamletea maji.

"Mwanaidi," akasema, "vile vilikuwa vitumbua?"

"Kwani vilikuwa nini?"

"Mawe, mwanangu. Siku ya kwanza nilimtupia kuku kipande, akakigonga akanitazama. Mama yako alikuwa akipika analia, anajua haliki lile dude."

"Bi Tatu, umri umekupiga. Viliisha kila siku!"

"Viliisha." Akafuta macho na upande wa khanga. "Mihayo alikuja siku ya tatu ya msiba. Akasimama uani, kaupa mgongo mlango wa mama yako, akaongea na mimi ili yeye asikie. Akasema, mwambie mjane wa mtani wangu apike chochote, mtoto akilete sokoni. Wachukuzi wangu hakuna atakayekunywa chai kabla hajala kimoja. Kikibaki hata kimoja, mimi si mtani. Na baba yako mkubwa alipokuja kukupeleleza, nani unadhani alitoka mbio alfajiri kwenda kumwambia? Mimi na ndara mkononi!"

Nikamuuliza, "Sasa matusi yale yote ya nini? Angenunua tu akanyamaza!"

"Angenyamaza ungejua ni sadaka. Mtu akipewa sadaka anainama. Akitukanwa anasimama. Wewe ulikuwa umesimama, ungejiona! Kidogo hivi, mikono kiunoni."

Nilitaka kubisha. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Halafu Bi Tatu akauliza, taratibu, "Ulikuwa ukimwita nani vile?"

"Kibogoyo."

"Na jino lile unadhani lilipotelea wapi?"

Wenzangu, nimezika wazazi, nimezika mtoto, juzi nimezika mume. Sikumbuki kupigwa na kitu namna ile. Nikaona asubuhi zile mwanzoni, Mihayo anacheka, meno yote yapo. Nayaona mpaka leo, makubwa, meupe. Halafu nikaona pengo. Na mimi nimesimama mbele ya sinia naimba Kibogoyo, Kibogoyo, naye anachukua kingine, anakihamishia upande wa pili wa mdomo, anatafuna. Kambale wa Jangwani, zambarau za Upanga, mabehewa, uhuru wangu wote ninaotamba nao kwa watoto wa watoto, ulinunuliwa pale, na mtu anayetafuna upande mmoja.

"Mama alijua?" nikauliza.

"Alikuwa akisikia dirishani wachukuzi wakipita, wanalalamika mataya. Anaziba mdomo na mto asicheke, wakati mwingine asilie."

"Mbona hakuniambia mpaka anaingia kaburini?"

"Mtani hashukuriwi, mwanangu. Ukimshukuru umemfukuza."

Zuhura alikuwa kaweka simu chini. "Bibi, kwa hiyo wewe hukuuza?" akauliza. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu sokoni, nikamtuma mtoto akaniletee sinia la bati la mama.

Mihayo alirudi kwao Tabora akiwa mzee, akafia huko. Habari zilipofika Kariakoo nilikuwa napima kitambaa, nikasema, "Mungu amrehemu," nikaendelea kupima. Sasa nimekaa humu ndani na nguo nyeupe, sitoki, nasikia barabara nzima kupitia dirishani kama mama alivyosikia, na nina siku nyingi za kufikiri. Kumshukuru siwezi, Bi Tatu kashanikataza. Ila eda ikiisha nitapanda treni mpaka kwao. Nitawatafuta wanawe. Nitalala mlangoni mwao niuzibe kabisa, na umri huu na unene huu, nikatae kutoka mpaka wanipe chakula kigumu kuliko vyote walivyonacho, nikitafune mbele yao mpaka kiishe. Na Zuhura nitakwenda naye. Kesho ataanza na duka la hapo jirani, peke yake, na muuza duka nimeshampigia simu amtukane kidogo.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba hii ya Magomeni, vyumba sita. Fremu mbili za vitenge Kariakoo. Bajaji tatu, moja mbovu. Shamba la Kisarawe, lilelile la baba mkubwa, nililinunua kwa wanawe. Watoto wanne, wajukuu saba. Sinia la bati la mama, limebonyea upande mmoja. Na meno yangu ya mbele, yote yapo.

Umesikia, Kibogoyo wee?